Simbilisi Wako Wakae Wapi

Mwanangu Bupe,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomtafutia mnyama mdogo nyumba ni kuchagua nyumba inayowapendeza wao wenyewe. Wanaangalia rangi, wanaangalia mlango, wanawaza mgeni akiiona atasemaje. Mnyama haulizwi. Nayajua haya kwa sababu nimefundisha biolojia mpaka nikastaafu, nimewaeleza watoto wa watu mahitaji ya viumbe hai ubao kwa ubao, kisha nikaja kumjengea simbilisi wako ghorofa.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako ameshuka Mwanjelwa kukutafutia kufuli la begi. Nimebaki na hao wawili, Karanga na Doa, wananitazama kutoka ndani ya sanduku lao kana kwamba wanajua naandika habari zao. Sitakuandikia mambo ya kula, ya kulala, wala ya kuangalia begi lako stendi. Hayo nimeyasema tangu unajifunza kutembea, na kama hayajaingia, barua haitayaingiza. Nataka tumalize lile tuliloliacha mezani juzi: ukiwa chuoni Iringa, simbilisi wabaki na mimi hapa Uyole, au uende nao Kihesa kwa mama mdogo wako Sekela, huko utakakokuwa unaishi. Juzi nilikujibu kwa ukali. Leo nakujibu kwa utaratibu, na nitaanzia mbali kidogo, unanijua.

Sikukuu ile Sekela alipokuletea Karanga, mimi nilikuwa nimekununulia kamusi yenye picha. Nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi nzuri. Ulikuwa umeishika mkononi, hata hujaifungua yote, mama mdogo wako alipoanza kuita tangu getini, maana yule mdogo wangu hajui kuingia kwa mtu kimya. Akaja na kikapu kimefunikwa kanga. Ulipoifunua kanga ukaona kile kichwa cha kahawia na yale masikio yaliyojikunja, kamusi ikalala kwenye kiti mpaka kesho yake. Nilijisemea kwamba ni jambo la kawaida, mtoto na mnyama. Lakini nilikiona kiti, na niliiona kamusi, na jioni nilipokuwa naiinua nilikuwa nimechukia.

Kule kwetu Tukuyu, mimi na Sekela tulipokuwa wadogo, simbilisi waliishi jikoni, wakizunguka mafiga na kula maganda ya ndizi, na kila alipofika mgeni wa ghafla idadi yao ilipungua. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu kwamba ametuletea kitoweo kisichojaza hata sahani.

"Dada, huyu haliwi," akasema, anacheka. "Huyu ni wa Bupe. Ukimpika, na mimi nakupika."

Wote mkacheka, hata baba yako. Nikacheka na mimi, nikiwa nyuma yenu kidogo.

Sasa hapo ndipo lilipoanza lile ghorofa. Ulikuwa umenionyesha kwenye simu wale panya wafupi wa Wazungu, hamsta, wanaoishi kwenye nyumba za vioo zenye ngazi na mabomba, na gurudumu la kukimbilia. Ulicheka mpaka machozi. Nikafikiri: Sekela ameleta mnyama, basi mimi nitaleta nyumba, na nyumba ndiyo kubwa. Nikamwendea fundi seremala wa njia panda, nikamchorea. Orofa mbili, ngazi, sakafu ya wavu ili uchafu udondoke chini, na gurudumu alilolitengeneza kwa ukingo wa ndoo. Tukaipaka rangi ya bluu, tukaiweka barazani, watu wakawa wanasimama kuitazama. Mwalimu mwenzangu aliyepita alisema hata yeye angehamia. Nilifurahi kupita kiasi.

Lakini tazama, mwanangu, nilikuwa nimemjengea mnyama mwingine. Hamsta ni mnyama wa peke yake. Ukimweka mwenzake chumbani mwake watapigana, pengine mpaka kuuana. Huamka usiku, huchimba, hupanda, huficha chakula mashavuni, na usiku wake wote hukimbia, ndiyo maana gurudumu linamfaa. Simbilisi si huyo. Miguu yake ni mifupi na mgongo wake haupendi kupinda, kwa hiyo ngazi kwake ni mahali pa kuangukia na gurudumu ni mtego. Wavu unamchubua nyayo. Baraza la Uyole, wewe unaujua upepo wake mwezi wa sita, halina tofauti na kulala nje. Na zaidi ya yote, simbilisi haishi peke yake. Anataka mwili mwingine wa kuegemea na pembe yenye giza ya kujifichia, na anataka nafasi ya chini, si ya juu.

Haya yote niliyajua. Ungeniuliza darasani ningekujibu bila kufungua kitabu. Sikujiuliza mwenyewe kwa sababu wakati ule sikuwa namtafutia Karanga nyumba, nilikuwa nashindana na mdogo wangu.

Karanga akanyamaza. Unakumbuka tulivyokuwa tunausubiri ule mluzi wake kila mfuko wa majani ulipochakarika? Ukakatika. Akawa anakaa pembeni kwenye orofa ya chini, amejivimbisha manyoya, anakula kidogo. Ulitaka kumwingiza ndani, nikakwambia azoee. Likizo ilipofika ukaenda naye Iringa kwenye boksi la biskuti lenye matundu, na mimi nikakuruhusu, nikiamini kwamba kwa Sekela mambo yatakuwa mabaya zaidi na hapo utaona.

Siku chache baadaye ukanipigia. Hukunisalimia vizuri. Ulisema, "Mama, anapiga mluzi." Nyuma yako nilimsikia Sekela anacheka na watoto wake, na huyo mnyama kweli alikuwa anapiga mluzi kama filimbi ya mwamuzi.

Usidhani mama mdogo wako alikuwa na elimu yoyote ya simbilisi. Alikuwa na tenga tupu. Biashara yake ni vitunguu na nyanya za Ruaha Mbuyuni, na nyumba yake haikosi matenga. Alililaza tenga moja ubavu nyuma ya jiko la kuni, akatupia nyasi kavu, basi. Na kwa kuwa jirani yake alikuwa na simbilisi wengi, akaomba jike mwingine, ndiye Doa. Angekuwa na boksi la runinga angetumia boksi la runinga. Alipatia bila kujua, na mimi nilikosea huku najua. Nakwambia ukweli, jambo hilo lilinikaa rohoni kuliko hata ule mluzi.

Uliporudi na wote wawili nilibomoa ghorofa. Hili sanduku walilomo sasa ndilo nililopaswa kutengeneza mwanzoni: refu, la chini, sakafu ya mbao, pembe mbili za kujificha ili mmoja asimzuie mwenzake, nyasi kavu chini. Sikuweka maranda ya msonobari ingawa huku kwetu kwenye mashine za mbao wanayatoa bure na kila mtu anayatumia. Harufu ile unayoipenda wewe ndiyo inayoumiza vifua vyao vidogo. Nilikufundisha pia kwamba mwili wa simbilisi, kama wetu, hautengenezi vitamini C, kwa hiyo pumba peke yake haimtoshi, lazima apate majani mabichi kila siku. Ulinisikiliza vizuri. Nilifurahi kuwa na kitu ambacho Sekela hana cha kukupa.

Unaona ninavyokwenda. Kila sehemu ya habari hii ina Sekela ndani yake. Naona niliseme kwa jina lake: mama yako ana wivu. Sina wivu wa vitu vyake, maana hana vingi. Nina wivu wa jinsi unavyosema "mamdogo", neno zima kwa pumzi moja, wakati mimi naitwa "mama" unapotafuta soksi. Nina wivu wa nywele zako, ambazo ukienda Iringa zinasukwa na kurudi zinang'aa, na hapa nikikaa nazo unasema nakuvuta. Ulipovunja ungo ulimpigia yeye simu, nami nilikuwa chumba cha pili nasahihisha mitihani. Yeye ndiye aliyenipigia kuniambia niende nikakuone. Mimi, niliyewafundisha habari hizo wasichana wa Mbeya nzima. Nilikuja, nikakueleza yote kwa ufasaha, ukaitikia "ndiyo, mama," na nikajua kwamba umeshaelezwa, na kwamba kule kuelezwa kwa kwanza kulikuwa na vicheko.

Sikulaumu. Baadhi ya mambo mtu huyapeleka kwa asiye mama yake, na mimi mwenyewe niliyapeleka kwa shangazi yangu. Nakueleza tu kilichokuwa mezani juzi, maana wewe uliona ni mazungumzo ya simbilisi.

Uliinamia sahani, ukasema, "Nimeshamwambia mamdogo nitakwenda nao."

Nimeshamwambia. Hukusema unaomba, wala unafikiria. Mimi nilikuwa sijaambiwa kitu, na Kihesa walikuwa wameshaandaa tenga. Ndipo nikaanza kukuhutubia. Nikasema safari inaua wanyama wadogo, wakati Karanga ameshasafiri na kurudi kwenye boksi la biskuti. Nikasema joto la ndani ya basi, nawe ukaniuliza joto gani, mwezi huu, na konda anafungua madirisha. Mwishowe nikashika la vitunguu.

Hilo la vitunguu ni la kweli, na lazima ulichukue. Vitunguu ni sumu kwa simbilisi, maganda yake na majani yake pia. Majani ya nyanya hali kadhalika, na ya viazi. Nyumba ya Sekela imejaa vitu hivyo toka mlangoni mpaka uani, na watoto wake wadogo wanapenda kulisha kila chenye mdomo. Lakini nilivyolisema juzi sikulisema kama tahadhari. Nililitupa kama jiwe. Nikasema, "Huyo mamdogo wako atawaua kwa maganda yake." Baba yako akainuka kwenda kuangalia geti ambalo lilikuwa limefungwa. Wewe ukaondoa sahani.

Kisha nikamaliza kwa lile neno ambalo limenifanya nikae kuandika. Nikasema: "Wabaki hapa. Likizo utakuja kuwaona."

Jana na leo nimekuwa nikilisikia neno hilo. Nilijaribu hata kulithibitisha. Jana ulipokwenda saluni niliwakatia majani mwenyewe, yale ya maboga wanayoyapenda, nikauchakarisha mfuko kama unavyofanya wewe. Wakajificha, mmoja pembe hii na mwenzake pembe ile. Nikakaa kwenye kigoda nikawabembeleza kwa majina, mimi mtu mzima, nikasema, "Karanga, ndaga, njoo mama," nikimshukuru kwa lugha ya kwetu hata kabla hajaja. Hawakutoka. Ulipofungua geti, hata hujafika mlangoni, wote wawili wakaanza kupiga mluzi kwa pamoja. Nikaondoka haraka jikoni usinikute. Kwa muda mfupi nilikuwa na wivu na wewe pia.

Najua maelezo yake. Wanajifunza hatua za anayewalisha, na baada ya wiki kadhaa wangejifunza zangu. Wangenipigia mluzi na mimi. Kwa hiyo hilo si hoja ya kumnyima mama yako wanyama hao, na sitaki ulichukue kama hoja. Hoja ni nyingine.

Nyumba inayomfaa mnyama wa namna hii huchaguliwa kwa maswali ya kawaida kabisa. Je, chini pana joto na pakavu? Je, paka wa jirani anaweza kufika? Je, mchana kuna mtu? Na je, mtu huyo yupo kila siku, au yupo leo kesho hayupo? Nilikaa na maswali hayo asubuhi, nikayajibu kama ambavyo ningetaka mwanafunzi wangu ayajibu, bila kuangalia jibu analolitaka mwalimu. Jikoni kwetu tunapika kwa gesi, na usiku panapoa kama barazani. Paka wa jirani unamfahamu, anaingia kwa dirisha la stoo kama mwenye nyumba. Na kuna jambo ambalo juzi sikulitaja kabisa, ingawa nilikuwa nalo mdomoni: bibi yako kule Tukuyu miguu haimbebi tena, na mimi na baba yako tumekubaliana kwamba tutakuwa tunakwenda kukaa naye, pengine wiki nzima, pengine zaidi. Nyumba hii itafungwa. Nilikuwa nakuomba uniachie wanyama wawili kwenye nyumba itakayofungwa.

Kwa Sekela moto wa kuni haukosi kuwaka jioni. Watoto wapo. Yeye mwenyewe akienda sokoni mchana amerudi, na akirudi hata majirani wa mtaa wa pili wanajua. Paka hana, na wewe utakuwepo. Vitunguu vinaweza kuhamishwa upande wa pili wa ua kwa siku moja, na watoto wanaweza kuelekezwa, wale si wagumu. Nimehesabu mara mbili, na kila mara nyumba yake imeizidi yangu. Sijapenda. Lakini nilikufundisha kwamba majibu hayabadilishwi kwa sababu mtu hayapendi.

Sasa nikuambie kwa nini nilipigania kitu ambacho nilijua nimekikosa. Nilitaka Karanga na Doa wabaki hapa ili wewe uwe na sababu ya kurudi. Nilifikiri: akiwa na vitu vyake huku, atakuja. Nilikuwa naweka viumbe hai rehani, mwanangu, na mmoja wao nilishawahi kumnyamazisha kwa ghorofa la bluu. Likizo ambayo ungekuja kwa ajili ya simbilisi ingenikera kuliko likizo ambayo hukuja. Ningekaa mlangoni nikikuangalia unawapita wazazi wako na kwenda jikoni, halafu ningekuwa na wivu na simbilisi, na nimeshaona kwamba ninaweza.

Ukiwa kule utaona kwamba mama mdogo wako ana makosa yake. Anaahidi haraka, anachelewa, anaazima nguo bila kuuliza. Mambo hayo usiniletee mimi. Nitayapenda mno. Nitakuwa nakaa nasubiri simu ya malalamiko yake kama mtu anayesubiri mshahara, na wewe utajikuta unanitafutia makosa yake ili unifurahishe. Mpelekee mwenyewe, usoni, naye anavumilia. Kwangu nipigie ukiwa na la kusema, au ukiwa huna, lakini usinipigie kwa sababu umeona kwamba umezungumza na yeye sana na sasa zamu yangu imefika. Nitajua. Nitajua kwa namna utakavyonisalimia.

Kuna jambo moja la Kihesa ambalo nalisema bila wivu, au kwa wivu mdogo sana. Shemeji yangu, mume wa Sekela, ana ndugu zake wa Kilolo wanaokuja bila taarifa, watu wazuri sana, na kwao kama ilivyokuwa kwetu, simbilisi akionekana jikoni mtu hujiuliza tu atapikwa lini. Usisubiri wafike. Siku ya kwanza kabisa mkiwa mezani mtaje Karanga na umtaje Doa kwa majina mbele ya shemeji, na umwombe yeye mwenyewe awape majani. Mwanamume aliyemlisha mnyama mwenye jina huona haya kumkaanga. Hili sikulisoma popote. Nimeliona kwa baba yako, ambaye mwanzoni alikuwa akimtazama Karanga kwa namna isiyonipendeza, na sasa anamwachia maganda ya karoti pembeni ya sahani na anadhani sijui.

Sina hakika kama nitaacha kuwa na wivu. Nafikiri kesho basi likiondoka nitakuwa nao wa kutosha kunifikisha nyumbani kwa miguu. Sekela atakupokea stendi, atapiga kelele, atalibeba begi lako na kukwambia umekonda, kitu ambacho si kweli. Halafu atanipigia kuniambia umefika kabla wewe hujanipigia. Nitamwambia asante. Nimejizoeza kulisema mbele ya kioo na halitoki vibaya.

Tenga la safari limeshawekwa nyasi, lipo karibu na mlango wa jikoni. Nimeliandaa wakati naandika barua hii, nikaacha kidogo, nikarudi. Majani ya maboga yapo kwenye mfuko uliofungwa kamba, na kipande cha tango kwa ajili ya maji njiani. Liweke chini ya kiti chako, usikubali konda alipeleke kwenye buti.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome ukiamka. Nikimpigia Sekela mimi tutagombana kabla hatujamaliza kusalimiana, kwa hiyo kazi hiyo nakuachia wewe. Ukimaliza kuisoma, kabla ya chai, mpigie mama mdogo wako umwambie simbilisi wote wawili wanakuja, na kwamba ahamishe vitunguu.

Mama yako